Kinywa cha Mkulima, Hoja ya Kampuni: Tarikh ya Tumbaku na Utetezi wa Biashara katika Nchi ya Oyugis na Migori

Msafiri atokaye Ahero kwa njia kuu iendayo Kisii hupita Sondu, kisha hupanda polepole mpaka Kabondo, nchi iliyosifika kwa viazi vitamu, na hatimaye hufika Oyugis, mji wa soko uliokaa baina ya nyanda za ziwa na milima ya Wagusii, ambamo Wajaluo wa Kasipul na jirani zao wa Kisii wamekuwa tangu zamani wakikutana kwa kuuziana nafaka, mifugo na matunda ya mikono yao. Akiendelea na safari kuelekea kusini, akaipita Kisii na Rongo na Awendo, hufika Migori, na mbele yake Kuria na mpaka wa Tanzania. Nchi hii ya Oyugis na Migori, ambayo hapo zamani serikali iliita wilaya ya South Nyanza, na ambayo leo imegawanywa katika kaunti za Homa Bay na Migori, imepata kuwa uwanja wa jambo moja ambalo wenyeji wake wamelionja zaidi kuliko walivyolitafakari: namna kampuni ya kigeni, iliyoandikishwa nchini kwa sheria za nchini, ijifunzavyo kusema mbele ya dola, na namna isemavyo kwa jina la mtu asiyekuwapo barazani.

Mtu huyo asiyekuwapo ni mkulima. Zao lililoyaleta haya ni tumbaku. Nami nadai kwamba tarikh ya tumbaku katika nchi hii haifahamiki kwa kuhesabu mizigo ya majani peke yake, bali kwa kuuliza kila mara swali moja: sheria ilipokuwa ikitungwa, nani alikuwa karibu na kalamu?

Asili ya jambo yaanza mbali. Katika mwaka 1902 kampuni mbili kubwa, moja ya Uingereza na nyingine ya Marekani, zilizokuwa zimeshindana kwa ukali katika biashara ya sigara, zilifanya suluhu na kuzaa kampuni ya tatu, British American Tobacco (BAT), ili iuze sigara katika nchi nyingine za dunia. Miaka mitano baadaye, mwaka 1907, kampuni hiyo ilikuwa imekwisha kuingia katika pwani yetu kwa bohari yake ya Mombasa. Ni mwaka huohuo, 1907, ambapo Baraza la Kutunga Sheria la himaya ya Uingereza katika Afrika ya Mashariki lilifanya mkutano wake wa kwanza. Sisemi kwamba mambo haya mawili yaliambatana kwa mpango. Lakini anayesoma tarikh hawezi kuacha kuyaweka pamoja, kwa kuwa baraza lile tangu siku zake za mwanzo liliwaweka walowezi na watu wa biashara ubavuni mwa maofisa wa serikali. Miongoni mwa walowezi alikuwamo Lord Delamere. Mwaka 1909 aliingia A. M. Jeevanjee, tajiri Mhindi aliyejenga mali yake kwa kazi za reli na bandari. Ama Mwafrika wa kwanza, Eliud Mathu, hakuingia mpaka mwaka 1944. Na Nyanza haikupata mtu wake, Apolo Ohanga, ila mwaka 1947. Hivyo yule aliyekuwa na bidhaa ya kuuza alipata sikio la dola karibu miaka arubaini kabla ya yule aliyekuwa na ardhi ya kulimwa.

Haimaanishi kwamba wenyeji walikaa kimya. Tangu miaka ya 1920 palikuwapo mabaraza ya wenyeji ya wilaya, na katika South Kavirondo, kama nchi hii ya South Nyanza ilivyokuwa ikiitwa wakati huo, Paul Mboya, mtemi wa Karachuonyo na mwandishi wa kitabu mashuhuri cha mila za Wajaluo kilichotoka mwaka 1938, alikuwa miongoni mwa waliolitumia baraza hilo kuiletea nchi yake maendeleo ya shule na kilimo. Mwaka 1947 Oginga Odinga na wenziwe waliandikisha Luo Thrift and Trading Corporation, shirika la hisa lililokusudia kuwaonyesha Wajaluo kuwa nao waweza kukusanya akiba, kujenga maduka na matbaa, na kufanya biashara kwa jina lao. Walakini mabaraza hayo yalikuwa na mipaka ya wilaya, na shirika lile lilikuwa na mtaji mdogo. Na maamuzi yaliyohusu bei, leseni na ushuru yalifanywa Nairobi na London, mahali ambapo wenye mitaji mikubwa walikuwa na watu wao siku zote.

Uhuru ulipokaribia, kampuni za kigeni zilipatwa na khofu ambayo si ajabu, nazo zikafanya jambo la hekima kwa upande wao: zikajikusanya. Mwaka 1959 kiliundwa chama ambacho leo chajulikana kama Kenya Association of Manufacturers, na mwaka huohuo likaundwa Shirikisho la Waajiri, Federation of Kenya Employers. Ndani ya vyombo hivi kampuni tanzu za Waingereza na wengineo zilikaa pamoja na wenye viwanda wa nchini, zikasema kwa sauti moja. Mwezi wa Oktoba 1962 waajiri, vyama vya wafanyakazi na serikali walitia saini mkataba wa mahusiano ya kazi, na waziri wa kazi aliyeusimamia alikuwa Tom Mboya, ambaye nyumba yake ya asili ni kisiwa cha Rusinga, katika nchi hiihii ya South Nyanza. Ulikuwa mkataba mwema, nao uliipa Kenya mpya amani ya viwandani. Hata hivyo, ukiwatazama waliokaa kwenye meza ile, utaona mwajiri, mfanyakazi na serikali. Mkulima mdogo, ambaye si mwajiri wala mwajiriwa, hakuwa na kiti. Mwaka 1964 ikatungwa sheria ya kuulinda mtaji wa kigeni, iliyomhakikishia mwenye mali kutoka ng'ambo kwamba ataweza kupeleka faida yake kwao, na kwamba mali yake haitatwaliwa pasipo fidia. Mwaka 1969 BAT Kenya, kampuni tanzu ya BAT, iliingia katika soko la hisa la Nairobi, Wakenya wakaweza kununua sehemu yake, na serikali yenyewe ikawa miongoni mwa wenye hisa.

Yafaa tusimame hapa kidogo, maana katika hali hii ya kampuni tanzu ndimo ulimo ufunguo wa yote yaliyofuata. Kampuni tanzu ni nafsi ya kisheria ya nchi ilimoandikishwa: hulipa kodi hapa, huajiri hapa, hushitaki na kushitakiwa hapa, na mkurugenzi wake aweza kuwa mwananchi kindakindaki. Lakini hisa zake nyingi, na kwa hiyo neno lake la mwisho, zimo mikononi mwa kampuni mama iliyo ng'ambo. Katika BAT Kenya mama huyo ameshika asilimia 60. Basi inapokwenda kwa waziri kuomba au kupinga, huenda na nyuso mbili, nayo huchagua ule unaofaa kwa wakati ule. Ikidai ulinzi wa mikataba ya kimataifa, ni mgeni aliyeitika mwaliko. Ikidai huruma ya bunge, ni mwenyeji mwenye wafanyakazi na wakulima elfu nyingi nyuma yake. Wazee walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini hawakutuambia la kufanya mgeni anapojifunza kuugua kwa sauti ya mwenyeji.

Tumbaku yenyewe ilikuja kwa nguvu katika miaka ya 1970. Hapo kwanza kiwanda cha BAT cha Nairobi kilitegemea sana majani ya Uganda na Tanzania; lakini Uganda iliingia katika machafuko ya Idi Amin tangu 1971, Tanzania ilikuwa imeshika njia ya Ujamaa, na Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikuwa ikielekea kuvunjika, kama ilivyovunjika mwaka 1977. Kampuni iliona ni lazima jani lilimwe Kenya, na serikali, ambayo ilitaka kuokoa fedha za kigeni, iliona vivyo hivyo. Ndipo kuanzia mwaka 1975 kilimo cha mkataba kikaenezwa kwa bidii: huko magharibi katika nchi ya Wateso na Bungoma, upande wa mashariki kuuzunguka Mlima Kenya, na katika South Nyanza, ambako Migori na Kuria zilikuja kuwa kitovu, na zao likaenea mpaka katika mashamba ya Homa Bay na Rachuonyo, uliko mji wa Oyugis.

Mpango ulikuwa hivi. Kampuni ilimpa mkulima mbegu, mbolea na dawa za wadudu kwa mkopo, ikamtuma bwana shamba wake amfundishe kuotesha miche, kuihamisha, kuikata vilele na kuvuna jani moja moja kutoka chini kwenda juu kadiri lilivyoiva. Mkulima alijenga banda la kukaushia, akalitia moto kwa siku kadhaa mchana na usiku, akilinda joto lisizidi wala lisipungue, maana usiku mmoja wa uzembe waweza kuharibu kazi ya miezi. Kisha majani yalichambuliwa, yakafungwa marobota, yakapelekwa kituoni kwa kununuliwa. Na huko mnunuzi ndiye aliyetaja daraja, na daraja ndilo lililotaja bei, na kutoka katika bei ile ukakatwa mkopo kabla ya mkulima kuona senti. Bila shaka wako waliofaidika. Katika nchi ambamo pamba ilikuwa ikilipwa kwa kuchelewa na mahindi hayakuwa na soko la kuaminika, tumbaku ilikuwa zao lililokuja na mnunuzi wake. Na nyumba za mabati zilizojengwa kwa fedha yake, na watoto waliosomeshwa kwa ada iliyotoka humo, ni ushahidi usiokanika. Lakini kuni za mabanda zilikula miti ya nchi hata kampuni ikalazimika kuhimiza upandaji wa mikalitusi. Wake na watoto walifanya sehemu kubwa ya kazi isiyolipwa. Ngozi ilinyonya nikotini ya majani mabichi yenye umande na kuwaletea watu kichefuchefu na kizunguzungu. Na shamba lililoshikwa na tumbaku kwa miezi mingi ya mwaka lilikuwa shamba lisilotoa chakula.

Kwa muda mrefu mnunuzi alikuwa mmoja tu, na mahali penye mnunuzi mmoja mkataba hauna haja ya kulindwa sana, kwa kuwa mkulima hana pengine pa kwenda. Mambo yaligeuka pale Wilfred Murungi, Mkenya aliyepata kufanya kazi katika BAT, alipoanzisha kampuni yake, Mastermind Tobacco, mwishoni mwa miaka ya 1980. Kampuni mpya ilihitaji majani, na mahali pa kuyapata upesi palikuwa kwa wakulima waliokwisha kufundishwa na kukopeshwa na ile ya kwanza. Wakulima, kwa mara ya kwanza, waliona wanunuzi wawili mbele ya marobota yao. Kampuni kongwe iliona hasara: mkopo wake umo shambani, na mavuno yanakwenda kwa mwingine. Hoja yake haikuwa ya uwongo, kwani mwenye kukopesha ana haki ya kulipwa. Lakini tazama dawa iliyotafutwa.

Mwaka 1994 serikali ilitoa kanuni za ukulima na uuzaji wa tumbaku, zilizomfunga mkulima kwa kampuni iliyomdhamini, kwamba jani alilolilima kwa udhamini wa kampuni fulani aiuzie kampuni hiyo. Kwa nje zilikuwa kanuni za serikali, zimetiwa saini na serikali na kutangazwa na serikali. Ukweli wa ndani ulijulikana baadaye, tena kwa njia ambayo hakuna mtu wa Oyugis wala Migori angeweza kuibashiri. Katika jimbo la Minnesota, Marekani, serikali ya jimbo ilizishitaki kampuni za sigara, na kwa suluhu ya mwaka 1998 kampuni zikalazimishwa kufungua hifadhi za nyaraka zao za siri, ya BAT ikiwa Guildford, Uingereza. Watafiti Preeti Patel, Jeff Collin na Anna Gilmore walizichambua nyaraka zilizohusu Kenya, na mwaka 2007 wakachapisha matokeo yao: kwamba rasimu ya kanuni zile iliandikwa na upande wa kampuni yenyewe, kisha ikakabidhiwa serikali, na serikali ikasifiwa kwa busara yake. Kalamu na mkono vilikuwa vya mahali pawili tofauti.

Hapa ndipo swali letu la mwanzo linapopata jawabu lake chungu. Sheria iliyoamua mkulima wa South Nyanza atauza wapi jasho lake ilitungwa na mnunuzi wake. Hapakuwa na mkutano wa hadhara chini ya mti wala katika ukumbi wa chifu ambamo mkulima aliulizwa kama anaridhia, na ikiwa anaridhia, kwa bei gani na kwa daraja zitakazopangwa na nani. Utetezi wa biashara ulikuwa umefikia kilele chake: haukuomba tena sheria, bali uliileta ikiwa imekwisha kuandikwa.

Na katika dunia pana mambo yalikuwa hivyohivyo. Mwaka 1984 kiliundwa chama cha kimataifa cha wakulima wa tumbaku, nacho kwa jina lake kingedhaniwa kuwa ni cha wenye majembe. Nyaraka zilezile za kampuni zilionyesha kwamba kampuni kubwa za sigara zilikigharimia na kukielekeza, ili katika mabaraza ya Umoja wa Mataifa isikike sauti ya mkulima maskini wa Afrika na Asia pale ambapo sauti ya tajiri wa London au New York isingesikilizwa. Na taarifa ya wachunguzi wa Shirika la Afya Duniani, iliyotolewa mwaka 2000, ililieleza jambo hilo kwa urefu. Hivyo mkulima, ambaye hakupata kiti kwake, alipewa kiti ugenini, lakini maneno ya kusema aliandikiwa.

Kenya ilitia saini na kuridhia mkataba wa kimataifa wa kudhibiti tumbaku mwezi wa Juni 2004. Mkataba huo una vifungu viwili vinavyotuhusu sana. Kifungu cha 5.3 chazitaka serikali zilinde sera zao za afya zisitawaliwe na masilahi ya biashara ya tumbaku. Na kifungu cha 17 chazitaka zimsaidie mkulima kupata riziki mbadala. Sheria ya nchini ya kudhibiti tumbaku ilipita mwaka 2007 na kuanza kazi Julai 2008, baada ya miaka mingi ya miswada kuzuiwa na kucheleweshwa. Na katika miaka hiyo yote hoja iliyorudiwa sana na wapinzani ilikuwa mkulima: kwamba maelfu ya jamaa katika Nyanza na Magharibi watakufa njaa. Jina la mkulima lilitumika kama ngao ya faida iliyokuwa ikigawanywa mbali naye. Na cha kusikitisha ni kwamba sheria hiyo ilishughulika zaidi na kudhibiti sigara kuliko na riziki ya mkulima, hata mkulima akapoteza kwa pande zote mbili, akitajwa na mtetezi asiyemtuma na kusahauliwa na mtunga sheria aliyemhurumia.

Kanuni za utekelezaji wa sheria hiyo zilitoka Desemba 2014. Zilitaka picha za maonyo juu ya pakiti, zilitaka kampuni zichangie asilimia 2 ya thamani ya sigara kama mchango wa fidia, na zilitaka mikutano baina ya maofisa wa serikali na biashara ya tumbaku iwe ile ya lazima tu, tena ya wazi. BAT Kenya ilizipinga mahakamani mwaka 2015, ikidai pamoja na mengine kwamba umma haukushirikishwa ipasavyo, kama katiba ya 2010 inavyotaka. Mahakama Kuu, kwa hukumu ya Jaji Mumbi Ngugi ya Machi 2016, ilikataa sehemu kubwa ya madai. Mahakama ya Rufaa ikaikataa rufaa Februari 2017. Na Mahakama ya Juu ikafunga mlango tarehe 26 Novemba 2019. Ni haki ya kampuni kwenda mahakamani, nami siilaumu kwa kuitumia haki hiyo. Kwa hakika ni afadhali mara mia hoja itolewe mbele ya jaji, penye masikio ya watu wote, kuliko rasimu ipelekwe ofisini pasipo shahidi. Lakini mwenye kukumbuka mwaka 1994 hawezi kuisikia hoja ile ya kushirikishwa kwa umma pasipo kushangaa: wakati kanuni zilipomfunga mkulima, ushirikishwaji haukutajwa na mtu, zilipoifunga kampuni, ukawa nguzo ya haki.

Basi tuseme nini? Hatusemi kwamba kampuni za kigeni zisiwe na watetezi. Nchi inayotaka viwanda haina budi kuwasikiliza wenye viwanda, na shirikisho la waajiri na chama cha wenye viwanda vimeifanyia Kenya mengi ya kheri katika mambo ya kodi, umeme, bandari na amani ya kazini. Kosa haliko katika kusema. Kosa liko katika kusema kwa faragha, na katika kusema kwa jina la mwingine bila idhini yake. Utetezi ukiwa wazi, ukatajwa mwenye hoja na faida aitakayo, ni sehemu ya shura ambayo kila dola yenye insafu huihitaji. Ukijificha nyuma ya mkulima, ni dhulma juu ya mtu ambaye alikwisha kudhulumiwa kwenye mizani.

Wala hatusemi kwamba mkulima wa Oyugis na Migori ni mnyonge wa milele. Tangu mwaka 2013 kilimo kimo mikononi mwa kaunti, na mabaraza ya Homa Bay na Migori yana mamlaka ambayo baraza la Paul Mboya halikupata kuota. Huko Migori, tangu mwaka 2022, mashirika ya Umoja wa Mataifa ya afya, chakula na kilimo pamoja na serikali yameanza kuwasaidia wakulima waliotaka kuiacha tumbaku, wakapewa mbegu za maharagwe yenye madini ya chuma na mnunuzi wa kuyanunua. Na jambo kubwa katika mpango huo ni yule mnunuzi kuliko mbegu, kwa maana tumbaku ilishinda mazao mengine kwa sababu ilikuja na soko, na zao lolote litakaloishinda halina budi kuja na soko lake. Soko la Oyugis, lililo njia panda ya nchi mbili, lenye viazi vya Kabondo na ndizi za Kisii, lina kila sababu ya kuwa mahali pa kuanzia.

Lakini soko peke yake halitoshi. Yatakiwa mambo matatu yaliyokosekana tangu mwanzo wa tarikh hii. Kwanza, kila mkataba wa kilimo, uwe wa tumbaku, wa miwa au wa maharagwe, uandikwe kwa lugha anayoisoma mwenye kuutia saini, nao usomwe hadharani kabla ya msimu. Pili, mahali daraja la zao linapotajwa pawe na mtu wa wakulima, aliyechaguliwa nao na kulipwa nao, si mwajiriwa wa mnunuzi. Tatu, kila rasimu ya kanuni ifikayo katika baraza la kaunti au bungeni itajwe aliyeiandika, awe wizara, chama cha wenye viwanda au kampuni tanzu ya ng'ambo, na wakulima wapewe muda wa kuleta yao. Kampuni zimekuwa na wanasheria na vyama vyao tangu kabla ya uhuru, nazo zimevitumia vizuri. Wakulima wa Rachuonyo, Migori na Kuria wana haki ya kuwa na vyao, na hakuna atakayewaundia ila wao wenyewe.